UZI: Stesheni yangu inatabiri ukungu kila usiku, na ukungu wenyewe hauji. Nakosea wapi?

fundi_mikindani · Jumapili, saa 3 usiku

Waungwana, salaam. Kazi yangu ni kufungua simu za watu na kuzifunga, hapa Mikindani. Miezi mitatu iliyopita nilijiundia stesheni ya hali ya hewa: ESP32 moja (kikompyuta kidogo cha kuandikia programu), sensa ya joto na unyevu, vikombe vya kupima upepo nilivyovitoa kwenye stesheni mbovu ya mteja, na betri ya pikipiki kwa zile siku stima inapotukimbia.

Sababu ni shemeji yangu. Yeye hutoka Kwale mjini saa kumi na moja alfajiri na pikapu ya machungwa, hushuka Golini, Kombani, Ng'ombeni, akavuka Likoni ili afike Kongowea kabla wachuuzi hawajatosheka. Mwezi wa tano alikutana na ukungu kwenye kona za Golini, na ndani ya ukungu ng'ombe watatu wamesimama katikati ya lami kama wanaosubiri matatu. Ng'ombe walipona. Machungwa yalimwagika mtaroni na kioo cha upande kikabaki hukohuko.

Nikasema basi, mimi nitamwambia usiku kama kesho kuna ukungu. Nikaandika programu: unyevu ukifika asilimia 95, kengele ilie hapa kwangu na ujumbe umwendee yeye.

Kengele inalia karibu kila usiku. Mke wangu ameshachomoa waya mara mbili. Shemeji ameacha kusoma ujumbe. Na linaloniuma zaidi: wiki iliyopita ukungu ulikuja kweli, Golini haionekani hata bampa ya gari la mbele, na usiku huo ndio kengele ilinyamaza kimya. Log yangu, yaani kumbukumbu ya vipimo, ya usiku huo inasema joto 23.0, unyevu 90.

Nisaidieni kabla sijaigeuza hii ESP32 kuwa kengele ya mlango.

mahamri_na_mbaazi · Jumapili, saa 3 usiku

Ndugu yangu, Mombasa unyevu asilimia 95 si habari. Hiyo ni kama kutangaza bahari ina maji.

dereva_wa_bara · Jumapili, saa 4 usiku

Mimi nimekula lami kati ya hapa na Malaba miaka mingi. Ukungu ni wa Limuru na Kinungi, huko ndiko utawasha taa zote na bado uendeshe kwa kusikiliza. Mombasa ukungu wa nini? Angalia programu ya simu, imeandikwa kila kitu.

maalim_jiografia · Jumapili, saa 4 usiku

Fundi, hukukosea sana. Umeuliza swali moja kwa vitu viwili tofauti.

Tuanze na namba. Asilimia ya unyevu peke yake inadanganya, kwa sababu inapanda na kushuka kwa joto tu, hata kama maji hewani hayajaongezeka hata tone. Unachotaka ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipozwa mpaka hapo, mvuke unaanza kugeuka maji. Halafu unatazama pengo kati ya joto la sasa na kiwango hicho. Hesabu ya kwenye baraza ni hii: chukua 100, toa asilimia ya unyevu, gawanya kwa 5. Unyevu 90, pengo kama nyuzi 2. Unyevu ukishuka chini ya 50 hesabu hii inaanza kupotea, lakini sisi wa pwani hiyo 50 tutaiona wapi.

Pengo likifika sifuri, maji yatatoka. Swali ni yatatokea wapi. Yakitokea kwenye majani na kioo cha gari, huo ni umande. Yakitokea hewani, matone madogo madogo yanayoelea, huo ni ukungu, na wataalamu wanauita ukungu pale tu unapopunguza umbali wa kuona chini ya mita 1,000. Ukiona mbali kuliko hapo, ni utusitusi tu.

Sasa kisa cha kwako. Kisiwani na kandokando yake, usiku wa shwari na mbingu isiyo na mawingu, ardhi inapoa, hewa inayoigusa inapoa nayo. Lakini inapoa polepole, maana bahari imetuzunguka na haishuki sana chini ya nyuzi 25 hata kwenye kipupwe. Mvuke unaanguka kama umande, na ukianguka hewa inapungukiwa maji, kwa hiyo kiwango cha umande nacho kinashuka. Joto linakifukuza, nacho kinakimbia. Tazama log zako za usiku wa shwari, utaona mkimbizano huo.

fundi_mikindani · Jumapili, saa 4 usiku

Maalim, wallahi umeona log zangu wapi? Hii ya juzi, sikugusa kitu ila hesabu ya umande ambayo programu inajifanyia yenyewe:

saa 2 usiku: joto 26.1, unyevu 88, umande 24.0
saa 6 usiku: joto 24.6, unyevu 94, umande 23.6
saa 11 alfajiri: joto 23.2, unyevu 98, umande 22.9

Pengo kutoka nyuzi 2 mpaka karibu sifuri. Kengele ikalia kuanzia saa saba. Asubuhi pikipiki ya jirani imelowa kama imeoshwa, na naona mpaka kreni za bandarini.

maalim_jiografia · Jumapili, saa 5 usiku

Ndiyo hiyo. Joto lilishuka karibu nyuzi tatu, umande ukashuka nyuzi moja na kitu. Wenye kutabiri ukungu wa viwanja vya ndege wana ujanja mmoja ulioanzia kwa watabiri wa UPS, ile kampuni ya Marekani ya ndege za mizigo: hawatazami umande wa usiku, wanatazama umande wa mchana ulipokuwa chini kabisa, wakati jua limechanganya hewa vizuri. Joto la usiku likishuka chini ya namba hiyo kwa nyuzi moja na nusu au mbili hivi, ndipo wanaanza kuogopa. Andika umande wako wa saa nane mchana ulinganishe.

Na Golini nitakuja. Kwanza niswali nilale, kesho nina kidato cha pili asubuhi.

nahodha_mstaafu · Jumatatu, saa 12 asubuhi

Mnazungumza umande umande. Kwetu sisi wa baharini umande ni upepo, mwanangu. Ni ule unaotoka bara alfajiri, mwepesi, unasukuma ngalawa kwenda nje. Jua likipanda unakufa, wa bahari unaingia.

Naandika hili kwa sababu hujasema upepo ulitoka wapi usiku ule Golini ilipofungwa. Mimi sina sensa. Lakini wiki iliyopita nilikuwa Shelly Beach nakarabati mashua, na kusi ilivuma usiku kucha, makuti yanapiga kelele. Ukungu wa shwari hauji na kusi. Kusi inaufagia. Basi ule wa Golini ni kitu kingine.

fundi_mikindani · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Shikamoo mzee. Kweli, log ya upepo inasema kilomita 14 kwa saa usiku ule. Upande sijui, vikombe ninavyo lakini mshale sina.

KwaleJuu · Jumatatu, saa 2 asubuhi

Mimi ndiye mwenye hilo wingu, naishi ndani yake. Nyumba yetu iko Kwale mjini, karibu mita 400 juu ya bahari. Ukungu wetu hautoki ardhini. Unapita. Unauona unakuja kutoka upande wa Diani, unaingia dirishani, nguo kwenye kamba zinalowa tena, halafu unapanda kuelekea msitu wa Shimba. Ukishuka mpaka Kombani, hakuna kitu, ukitazama juu unaona mawingu yamekalia mlima.

maalim_jiografia · Jumatatu, saa 4 asubuhi (mapumziko ya chai)

KwaleJuu ameshamaliza kazi yangu. Ni wingu. Hewa ya bahari inasukumwa na kusi, inakutana na Milima ya Shimba, inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa. Ikipoa vya kutosha inafika kiwango cha umande na wingu linaanza, na aliyeko kwenye kimo hicho analiita ukungu. Uwanja wa ndege wa Los Rodeos, Tenerife, uko zaidi ya mita 600 juu, na mwaka 1977 ndege mbili kubwa ziligongana pale wakafa watu 583. Kilichowazuia marubani wasionane ni mawingu yaliyokuwa yakipita juu ya uwanja.

Sasa utamu wake. Kwa kila nyuzi moja ya pengo, wingu huanza takriban mita 125 juu ya hapo ulipopimia. Fundi, usiku ule ulikuwa na unyevu 90. Pengo nyuzi 2. Mara 125 ni mita 250. Stesheni yako iko mwinuko gani?

fundi_mikindani · Jumatatu, saa 4 asubuhi

Simu inasema mita 40.

maalim_jiografia · Jumatatu, saa 4 asubuhi

Basi wingu lilianza kama mita 290. Kwale mjini iko 400. Shemeji yako alitoka nyumbani akiwa tayari ndani ya wingu, akatoka chini yake mahali fulani kwenye mteremko wa Golini. Stesheni yako ilikuwa na jibu usiku huo. Hukuiuliza.

mahamri_na_mbaazi · Jumatatu, saa 4 asubuhi

Subhanallah. Nimeweka chini kikombe.

dereva_wa_bara · Jumatatu, saa 5 asubuhi

Maalim, kwa hesabu hiyo mbona fundi asitumie zile usiku za unyevu 98? Pengo dogo zaidi, wingu lingekuwa mita 80, sote tungekuwa ndani.

maalim_jiografia · Jumatatu, mchana

Swali zuri, nilidhani hutanipa. Mita 125 zinafanya kazi hewa ikiwa imechanganyika kutoka chini mpaka juu, na kinachoichanganya ni upepo au jua. Usiku wa shwari, sensa inapima utando mwembamba wa hewa iliyopozwa na ardhi. Mita 50 juu ya dari yako hewa ni ya joto zaidi na haina habari na umande wa pikipiki ya jirani. Kwa hiyo bila upepo, hesabu ya wingu itupe. Shwari ni swali la mabondeni: Mazeras, Mwache huko, baada ya mvua mbingu ikifunguka usiku. Hata hapo ukitaka ukungu, unahitaji upepo kidogo sana wa kuinua ule ubaridi. Hewa ikisimama kabisa, yote yanaishia kwenye majani.

Bahari yetu ingekuwa baridi, mambo yangekuwa mengine. Kule Namibia mkondo wa Benguela unapita na maji baridi, hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu na kuingia jangwani mpaka mbawakawa wanakunywa. Sisi tuna maji ya uvuguvugu. Hatuna mbawakawa hao.

binti_wa_solda · Jumatatu, saa 2 usiku

Kaka fundi, kabla hujaandika programu mpya, hiyo sensa umeifunga wapi? Picha tafadhali.

fundi_mikindani · Jumatatu, saa 2 usiku

Picha hiyo. Chini ya ukingo wa bati, nyuma ya nyumba.

binti_wa_solda · Jumatatu, saa 3 usiku

Na hilo dirisha dogo pembeni?

fundi_mikindani · Jumatatu, saa 3 usiku

…la bafu.

binti_wa_solda · Jumatatu, saa 3 usiku

😂 Samahani, sikucheki wewe, nimecheka hali. Kwa hiyo kila mtu akikoga maji moto, Golini inafungwa.

Na bati nalo. Usiku wa shwari bati linatupa joto lake mbinguni linakuwa baridi kuliko hewa, sensa iliyo sentimita kumi chini yake inasoma baridi ya bati. Joto likisomwa chini, unyevu unasomwa juu. Usiku wa upepo tatizo hilo karibu linaisha, ndiyo maana kusi ilipovuma ulipata namba ya kuaminika na usiku mwingine wote ulipata kelele. Ihamishe. Mlingoti uwanjani, mita moja na nusu kutoka ardhini, juu ya majani kama unayo, mbali na ukuta. Ifunike kwa visahani vyeupe vya plastiki vya kuwekea vyungu vya maua, sita au saba, vilivyopangwa kwa mapengo ili hewa ipite na jua lisiguse.

Halafu mtihani wa chumvi. Chukua chumvi ya jikoni, itie maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, si maji ya chumvi, uji. Iweke kwenye kifuniko cha chupa, kifuniko ndani ya mkebe usiopitisha hewa pamoja na sensa, uji usiiguse. Acha usiku mzima mahali pasipo jua. Hewa ndani itakaa kwenye asilimia 75. Sensa ikisema vingine, tofauti ndiyo kosa lake.

mama_wa_kaimati · Jumatatu, saa 3 usiku

Mwanangu ndiyo sababu chumvi yangu jikoni inalowa? Miaka yote natia punje za mchele.

binti_wa_solda · Jumatatu, saa 3 usiku

Ndiyo mama. Hewa ikipita 75 chumvi inaanza kuivuta maji mpaka inayeyuka, na hapa kwetu inapita 75 usiku mwingi wa mwaka. Chembe za chumvi zinazorushwa na mawimbi nazo zinafanya hivyohivyo angani. Zinavimba, na asubuhi unaona ng'ambo ya Nyali imepauka kama imetiwa maziwa. Watu wanasema ukungu. Pengo lako lingali nyuzi 3, si ukungu. Ni chumvi na moshi wa jaa.

mama_wa_kaimati · Jumatatu, saa 3 usiku

Mashallah. Basi mchele naendelea nao.

fundi_mikindani · Jumatano, saa 1 usiku

Matokeo ya chumvi: sensa imesoma 78. Yaani inazidisha 3. Nimehamisha kila kitu uwanjani, mke wangu amefurahi kwa sababu kamba ya nguo imepata mlingoti wa pili.

Binti, nikirudi usiku ule wa Golini, 90 inakuwa 87. Hesabu kamili ya programu inanipa umande 20.7, pengo 2.3. Wingu mita 287, jumlisha 40, ni 327. Bado chini ya Kwale.

binti_wa_solda · Jumatano, saa 2 usiku

Sawasawa. Kumbuka tu sensa nzuri ya hobi, mfano SHT31, bado inakubali kukosea asilimia 2. Ukiwa kwenye 95 huko, asilimia 3 za unyevu ni nusu nyuzi ya umande, na nusu nyuzi ni mita 60 za wingu. Kwa hiyo usimwambie shemeji "wingu liko mita 327". Mwambie iko chini ya Kwale au juu yake, na zikikaribiana mwambie hujui.

Jambo lingine. Log yako inaandika vipimo vya usiku ule wa Golini ni vya 03:00. Ulisoma vipi?

fundi_mikindani · Jumatano, saa 2 usiku

Saa tisa usiku.

binti_wa_solda · Jumatano, saa 2 usiku

Seva yako iko kwenye saa ya UTC, ile ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. 03:00 yake ni saa kumi na mbili asubuhi yetu. Ripoti za uwanja wa ndege wa Moi, zile zinazoanza na HKMO, nazo zinatumia saa hiyo hiyo, na wala huhitaji kikokotoo: toa tatu, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 0400 ni saa moja. 0600 ni saa tatu. Kwenye ripoti hizo joto na umande vimeandikwa pamoja na mkwaju katikati, mfano 24/21, kwa hiyo unaweza kulinganisha na za kwako bure.

nahodha_mstaafu · Alhamisi, saa 12 asubuhi

Nimekaa miaka sitini sijui kama saa yetu na saa ya wazungu wa ndege zina undugu. Ahsante binti yangu.

fundi_mikindani · wiki tatu baadaye, Ijumaa usiku

Narudi kama nilivyoahidi. Programu sasa ina maswali mawili. La kwanza la shwari: pengo halizidi nyuzi moja, upepo chini ya kilomita 5 kwa saa, na joto limeshuka chini ya umande wa mchana. Hilo halijawahi kukubali hata mara moja tangu nihamishe sensa. Nyumba imelala wiki tatu.

La pili la mlimani: upepo zaidi ya kilomita 10, na pengo mara 125 kuongeza 40 isifike 400. Hilo limekubali usiku sita. KwaleJuu alikuwa anatazama mwembe wa jirani, hatua 80 kutoka barazani kwake, na mnara wa simu ulio mbali zaidi. Usiku minne kati ya hiyo sita mnara ulipotea alfajiri, na mara moja mwembe nao ukapotea. Shemeji siku hiyo alikaa akanywa chai mpaka saa moja na nusu. Alikuta machungwa yameshuka bei Kongowea, akanilaumu mimi, lakini alifika na vioo viwili.

Usiku wa tano hesabu ilisema mita 380 na mlima ukawa safi. Hiyo naihesabu kwenye "sijui". Wa sita ndio umenishinda. Wingu mita 310, upepo kilomita 12, na KwaleJuu anasema nyota zote zilikuwa nje.

nahodha_mstaafu · Ijumaa, saa 3 usiku

Ni usiku wa Jumanne?

fundi_mikindani · Ijumaa, saa 3 usiku

Jumanne, ndiyo mzee.

nahodha_mstaafu · Ijumaa, saa 3 usiku

Jumanne upepo uligeuka usiku wa manane, ukatoka bara kwa nguvu. Nilisikia harufu ya udongo wa mvua hapa Likoni na mvua haikufika. Upepo wa bara haupandi Shimba kutoka baharini, unaishukia. Sensa yako ilihesabu kilomita, haikujua zinatoka wapi. Nilikwambia siku ya kwanza.

maalim_jiografia · Ijumaa, saa 3 usiku

Hewa ikishuka mlima inapata joto na wingu linafutika. Mzee ametupiga sote.

fundi_mikindani · Ijumaa, saa 4 usiku

Haya. Nahitaji mshale wa upepo. Bati ninalo, beringi ya feni mbovu ninayo, sumaku nne nimezitoa kwenye spika. Nani amewahi kufanya hivi bila chumvi kula beringi ndani ya mwezi?

KwaleJuu · Jumamosi, saa 11 na nusu alfajiri

Mnara hauonekani. Mwembe nauona nusu. Mwambie shemeji ng'ombe wako nje.